Kwa Nini Baraza la Ndiva Husimama Majini

Nyinyi mnaocheka kuona wazee wazima wamekunja suruali na kusimama mferejini, sikilizeni. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani baraza letu lilikaa kwenye vigoda, mahali pakavu, kibuyu cha pombe kikizunguka, na hakuna mzee aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Ndiva, kwa msiojua, ni bwawa la udongo hapa mlimani. Usiku hukusanya maji ya kijito, asubuhi kizibo huondolewa na maji huteremka mashambani kwa zamu. Walioichimba walikuwa watu wa pande tatu, Juu, Kati na Chini, ambao hawakupendana hata kidogo ila njaa iliwapatanisha. Wakaunda baraza moja, wakaapa kwamba kizibo kitaguswa na mtu mmoja tu, mzibuaji, atakayechaguliwa na wote.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mzibuaji wa kwanza, mzee Sekiondo, alipofariki. Hapo kila upande ukakumbuka kwamba ndio uliochimba zaidi. Kati waliungana na Juu ili kuwanyima Chini nafasi. Chini wakawaahidi Kati umakamu wa mwenyekiti wa baraza, Kati wakahama. Kisha Kati wenyewe wakagawanyika, maana umakamu ulikuwa mmoja na walioutaka walikuwa wengi. Ikafika mahali baraza lina wenyeviti wawili, kila mmoja akimwita mwenzake msaliti. Wajinga wakubwa! Na wote ni babu zetu.

Wakati huo ndiva ilijaa pomoni, maji yakafurika pembeni na kupotelea korongoni, huku mashamba ya chini yake yakinyauka. Hakuna aliyethubutu kugusa kizibo, kwa kuwa sheria ilimtaka mzibuaji, na mzibuaji hakuwepo. Mfereji ulikauka kabisa. Kwa kuwa ulikuwa na kivuli kizuri cha migomba, wazee wakahamishia vigoda vyao humo humo, wakaendelea kugombana.

Upande wa Chini aliishi mjane aitwaye Nanzia, mwenye watoto wadogo na shamba moja la maharage, la mwisho kabisa kwenye mfereji. Yakifa hayo, hakuwa na kingine. Alipanda hadi barazani, akapiga goti.

"Shikamooni, baba zangu. Maharage yangu yanatoa maua na udongo umepasuka. Naomba maji."

"Marahaba, mama. Subiri kwanza tupate uongozi halali," alijibu mwenyekiti mmoja.

"Halali ni mimi!" akadakia wa pili, na ugomvi ukaanza upya.

Nanzia aliwageuzia mgongo. Alipanda ukuta wa ndiva, akakishika kizibo kwa mikono miwili, akakivuta.

Maji yalichukua vigoda, yakachukua na kibuyu. Wazee walishikana mikono ili wasisombwe, Juu kwa Chini, msaliti kwa msaliti. Walipotaka kutoka, Nanzia alikuwa ukingoni na jembe lake.

"Msitoke! Mkitoka mtaanza tena."

Maji ya mlima wetu ni baridi ya kuuma mifupa. Meno yakigongana, walimchagua Kalaghe, mtu mkimya wa Kati ambaye hakuwa ameomba cheo chochote. Muda walioutumia usingetosha hata kuchemsha pombe.

Maharage ya Nanzia yalipona nusu. Nusu nyingine ilikuwa imekufa wazee wakitafuta uhalali, na mwaka ule watoto wake walilala njaa mara nyingi. Mimi hilo huniuma mpaka leo.

Kwa aibu, wazee walimpa Nanzia nafasi barazani. Akakataa.

"Mimi nitakaa shambani kwangu," alisema. "Maji yakinifikia, nitapiga vigelegele. Ndipo mtoke."

Na tangu siku hiyo, mzibuaji huchaguliwa wazee wakiwa wamesimama mferejini. Wakishakubaliana, kizibo huondolewa nao hubaki mle mle, wametega masikio kuelekea shamba la mwisho.