Nakijwa na Mashoka ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, huko milimani, palikuwa na msitu usio wa mtu mmoja. Watu wote waliteka maji humo, wakaokota kuni, wakachuma dawa. Nakijwa, mwanamke mjane, alitundika humo mizinga yake ya nyuki.

Siku moja Jumbe Senkondo aliwaita watu barazani. Kando yake aliketi Fisi, midomo ikimng'aa mafuta.

"Ndugu zangu," Jumbe akasema, "msitu wote nimempa bwana huyu. Ataukata, atauza mbao, nasi tutaendelea."

Nakijwa akasimama. "Jumbe, nani aliulizwa?"

"Wazee."

"Wazee gani?"

Wazee wakainamisha vichwa. Kumbe walikwisha kula mbuzi wa Fisi, nyama, mchuzi, hata mifupa!

"Kaa chini, mama," Fisi akacheka. "Mambo haya yamekuzidi kimo."

Nakijwa hakukaa. Aliondoka, kifua kikimwaka kwa hasira.

Asubuhi mashoka yakalia: ko! ko! ko! Mvule ukaanguka. Mkuyu ukaanguka. Mkangazi ukaanguka. Ndipo ndege Hondohondo akamjia Nakijwa, akipigapiga mabawa.

"Mama Nakijwa! Mke wangu amejiziba kwa udongo ndani ya tundu la mti, analea. Manyoya yamempukutika, hawezi kuruka. Na mti wake ndio unaofuata!"

Nakijwa akatimua mbio, akauegemea mti ule kwa mgongo. "Haya, kateni! Anzeni na mimi!"

Wakataji walikuwa vijana wa pale pale kijijini, naye akawageukia mmoja mmoja.

"Wewe Mbonea, mama yako alikunywa maji ya wapi alipokuwa na mimba yako?"

"Ya msitu huu," Mbonea akanong'ona.

"Nawe Kiondo, ulipougua surua ulioshwa kwa majani ya wapi?"

"Ya msitu huu."

"Na wewe Sekiete, baba yako amezikwa wapi?"

Sekiete alitupa shoka chini, akalia.

Fisi, aliyekuwa akiwaangalia, akaliokota. "Wapumbavu! Nitakata mwenyewe!" Akaliinua juu ya kichwa cha Nakijwa.

Lakini kilio cha Hondohondo kilikuwa kimefika kijijini. Wanawake wakaja na michi, nyani wakashuka matawini, nyuki wakamiminika. Fisi akaufyata mkia, akatokomea. Jumbe naye akavuliwa kilemba mbele ya watu wote.

Jioni wazee wakamwendea Nakijwa. "Tusamehe, mama. Tutapanda miti mingine."

"Pandeni," akasema. "Lakini hakuna hata mmoja wenu atakayeishi hadi akae kwenye kivuli chake."

Wakapanda, macho chini. Nakijwa aliwasimamia mpaka mche wa mwisho, na hakuwaambia asante.

Hadithi yangu imekomea hapo, na msitu uliobaki ungali wa wote.