Msuko Usiofungwa Mwisho

Niitikieni, wajukuu.

"Tunaitika, Bibi."

Zamani ipo?

"Ipo."

Iko wapi?

"Nyuma ya mgongo wako."

Basi nageuka niitazame. Kisa hiki nilikipata kwa mama yangu, naye alikipata kwa mama yake, aliyekuwa akifua shuka katika hospitali ya misheni. Hapo alikuwepo muuguzi mmoja wa Kizungu, mama mzee, aliyezaliwa katika nchi ya kisa chenyewe. Nitasema nilichoambiwa. Nisichoambiwa sitakijaza.

Palikuwa na nchi ndogo ya baridi, kaskazini kabisa mwa Ulaya, ikiitwa Halsund. Ilikuwa na mfalme, lakini mfalme wa koti lenye kiraka kiwikoni. Jumba lake lilivuja. Mvua ikinyesha, mkewe mwenyewe alipanga mabeseni ukumbini kukinga matone. Mfalme huyo alikuwa na mabinti wawili, Hedviga mkubwa na Karolina mdogo. Mjakazi wa kuwasuka hawakuwa naye, kwa hiyo walisukana wenyewe.

Kila jioni Hedviga aliketi kitini, Karolina akaketi sakafuni, mgongo kwenye magoti ya dada yake, kama wewe Mwanamvua unavyokaa kwa mama yako. Nywele zikagawanywa mafungu matatu. La kulia juu, la kushoto juu, kaza. La kulia juu, la kushoto juu, kaza.

"Unanivuta, dada."

"Tulia. Kichwa chako kina vita."

"Vita umeleta wewe na chanuo lako."

"Bibi, kwani nywele za Kizungu zinasukika?"

Zinasukika, Kibwana, ila zinateleza. Usipofunga mwisho kwa utepe, msuko wote unafumuka taratibu mpaka asubuhi huoni kitu. Hilo la utepe likumbukeni.

Siku zikaenda, siku zikaja. Mabinti wakakua, na sifa zao zikafika kwa wafalme wakubwa. Akaja mfalme wa visiwa vya magharibi, akamposa Hedviga. Baba mwenye jumba linalovuja angekataaje? Arusi ikapita, ikafika asubuhi ya kuondoka. Hedviga alikuwa ameshavaa nguo za safari, na bado anamsuka mdogo wake. La kulia juu, la kushoto juu, kaza. Gari la farasi likasimama mlangoni. Mama akaita. Akaita tena.

Hedviga akainuka.

"Dada, hujafunga," alisema Karolina.

"Najua. Utepe naenda nao. Nitaufunga nikirudi."

Utepe ulikuwa wa buluu. Akautia ndani ya mkono wa gauni lake, akatoka.

Haukupita muda, Karolina naye akaposwa na Kaisari wa mashariki, mtawala wa nchi kubwa kuliko zote za upande ule. Na hapo, wajukuu, mambo yakapinduka, kwa kuwa mke wa Kaisari alimpita cheo mke wa mfalme. Mdogo akawa juu ya mkubwa.

Huko mashariki Karolina hakukosa watu wa kumchana nywele. Walikuwa mabibi wenye vyeo, mikono yao baridi, wakimgusa kama mtu anayeshika yai la kuazima. Hakuna aliyemvuta. Hakuna aliyethubutu kumwambia, tulia. Jioni zikimfikia, aliketi mbele ya kioo chake kikubwa, akakumbuka sakafu ya kwao.

Kisha waume wakagombana. Kaisari alidai bandari moja, mfalme wa visiwa akaidai hiyohiyo. Ndugu wakazuiwa kutembeleana. Hata salamu zilipita kwa mabalozi, zikafika zimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, hazina harufu ya mtu.

Miaka ikaenda. Mama yao akafa, hakuna aliyeruhusiwa kwenda. Mwisho baba, aliyekuwa mzee sana, akapeleka ombi pande zote mbili: awaone wanawe pamoja kabla hajafumba macho. Waume wakakubali kwa shingo upande. Iwe alasiri moja tu, ukumbini, maofisa wa pande zote wakiwepo.

"Si wangejifungia chumbani?"

Ndivyo hasa walivyozuiwa, Mwanamvua. Kila upande uliogopa siri zake zitavuja.

Kutoka mashariki alikuja mtu mrefu wa kusimamia adabu za jumba. Watu walimwita Bwana wa Fimbo, maana alishika fimbo ya fedha, akiipiga chini kila jambo linapoanza na linapokwisha. Sheria zake zilikuwa hizi: mwenye cheo kidogo ampigie goti mwenye cheo kikubwa, na mke wa Kaisari asiguswe na mtu.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Mabeseni yalikuwa palepale ukumbini. Baba alikuwa kitini, amefumba macho, blanketi magotini.

Hedviga akaingia, mvi zimeanza kumtoka kando ya uso. Karolina akatanguliza mguu amkimbilie. Fimbo ikalia, ko. Naye Hedviga, akijua kwamba asipopiga goti ugomvi wa bandari utazidi, akashuka mpaka goti likagusa sakafu. Mkubwa akainamisha kichwa mbele ya mdogo.

Karolina akaurudisha mguu wake. Akasema alichofundishwa.

"Tumefurahi kukuona, Mtukufu."

"Nasi tumefurahi, Mtukufu."

Wakaulizana hali ya hewa. Wakaulizana afya za watoto. Wakarudia hali ya hewa. Tone likaanguka katika beseni, to. Lingine likafuata, to. Alasiri ikawa inakwisha hivyohivyo, farasi wakafungwa kwenye magari, Bwana wa Fimbo akainua fimbo yake apige ya mwisho.

Karolina akavua taji. Alitafuta pa kuliweka, hakuona meza. Akaliweka katika beseni. Akachomoa pini za nywele moja moja, nywele zikamwagika mgongoni. Kisha, na hariri yake yote, akaketi sakafuni.

"Dada, nisuke."

Bwana wa Fimbo akasogea. "Mtukufu, mke wa Kaisari haketi chini."

"Nimeshaketi."

"Wala hakuna anayeruhusiwa kukushika kichwa."

Hapo mzee akafumbua jicho moja. "Bwana, hiyo fimbo yako hainipi usingizi. Hapa ni kwangu. Mletee mwanangu kiti."

Na Bwana wa Fimbo, wajukuu, akaenda kuleta kiti.

Hedviga akaketi. Mgongo wa mdogo wake ukaegemea magoti yake. Mafungu matatu. La kulia juu, la kushoto juu, kaza.

"Unanivuta, dada."

"Tulia. Kichwa chako bado kina vita."

Hakuna aliyecheka. Kila alipokaribia mwisho, Hedviga alifumua akaanza upya, na kila aliyekuwa ukumbini alijua si kwamba amekosea. Nje farasi walipiga kwato. Mwishowe akatoa kitu ndani ya mkono wa gauni. Ulikuwa ule utepe, buluu yake imepauka.

"Funga basi," alisema Karolina.

Hedviga akaushika kidogo, kisha akaurudisha.

"Nikifunga nitakuwa nimemaliza. Sijamaliza."

Wakaondoka, mmoja magharibi, mmoja mashariki, Karolina njia nzima ameshika mwisho wa msuko wake mkononi. Baba akafa kabla ya baridi kwisha. Bandari ikaendelea kugombewa. Hawakuonana tena.

Tangu hapo Karolina aliagiza asukwe kila jioni bila kufungwa mwisho, na kila asubuhi nywele zilikuwa zimetapakaa juu ya mto. Hivyo hadi zikawa nyeupe. Siku moja balozi akaleta habari kwamba Hedviga amefariki, na kisanduku kidogo. Ndani mlikuwa na utepe.

Mjakazi, kwa huruma, akauliza, "Sasa tufunge, Mtukufu?"

Karolina akauchukua, akautia ndani ya mkono wa gauni lake.

"Acha. Mwenyewe hajamaliza."

Ninachotaka mshike ni hiki. Mkipata vyeo, wa kuwainamia watakuwa wengi. Wa kuwaambia tulia ni wale waliowasuka mkiwa wadogo. Ukikutana naye, usingoje mpaka farasi wafungwe ndipo uketi sakafuni.

Nilipoachiwa ndipo ninapoacha. Zamani nairudisha nyuma ya mgongo. Imekaa?

"Imekaa, Bibi."

Haya, Mwanamvua. Mwite dada yako, aje na chanuo.