Sururu ya Msibani

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mlinizingira pale nje mkibishana kuhusu sururu za kuchimbia msingi wa jiko letu la kanisa. Tununue za bei rahisi za dukani au za mhunzi zenye bei kali? Mkaniuliza mchungaji anasemaje. Mchungaji anasema za mhunzi. Chuma kizuri kinastahili bei yake, na mnalijua hilo wote, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu anayelima shamba lake mwenyewe kwa jembe la kupinda. Basi, nimejibu. Kumbe saa nzima ile tulisimama juani kubishania jambo ambalo kila mtu alishalimaliza kwake kitambo.

Sasa tulieni, maana silo lililonikera.

Palikuwa na bwana mmoja, kazi yake kuchimba. Misingi, vyoo, mashimo ya taka, chochote kinachokwenda chini. Kijiji chao kilikuwa juu ya mawe. Ukichimba kidogo tu unakutana na mwamba. Bwana huyu alipoteza sururu nyingi za dukani, zile za kupakwa rangi nyekundu zing'ae, hadi siku moja akaenda kwa mhunzi akaagiza moja iliyofuliwa kwa springi ya lori. Alipofika nayo nyumbani mkewe akashika kiuno.

"Baba Sekela, kwa hela hii si ungepata tatu dukani?"

"Tatu za nini, mama? Za kuanikia nguo?" Akaigonga sururu kwenye jiwe la mlangoni. Ikalia *ngii*, kama kengele. Akaigonga na ile ya zamani. Ikasema *dup*. "Umesikia? Chuma hakijui kudanganya."

Na kweli, ile sururu ikamlisha. Kazi ya siku nzima ikawa inaisha kabla ya chakula cha mchana. Kila jioni aliifuta, akaizungushia gunia, akailaza chini ya kitanda.

Na ile ya dukani, yenye ncha butu na mpini uliofungwa kwa mpira wa tairi? Hakuitupa. Aliitundika nyuma ya mlango, ikapewa jina. Ikaitwa *ya msibani*.

Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnaijua. Kila nyumba hapa ina sufuria ya msibani, ile iliyozibwa tundu kwa sabuni. Ina mkeka wa msibani. Ina maharage ya msibani, yale ambayo wadudu wameshayaanza. Akina mama, msiinamishe vichwa, bado sijafika.

Siku moja mtoto wa jirani yake akafariki. Homa, siku mbili tatu tu, mtoto akaenda. Kama ilivyo desturi, kila nyumba ikatoa mwanamume na kifaa. Bwana wetu akanyoosha mkono nyuma ya mlango. Mkewe akamwona.

"Unaacha ile nzuri? Siku kama hii?"

"Msibani vitu havirudi, mama. Unapeleka sururu, unarudi na mpini wa mtu."

Si uongo, jamani. Havirudi. Nami nina mwiko wangu mahali fulani katika jiko la mmoja wenu. Hoja yake ilikuwa na miguu miwili kabisa. Ndiyo maana inatushika.

Makaburini wakachimba, wakafika kwenye mwamba. Wote wakamgeukia yeye, maana ndiye mjuzi. Akashuka shimoni, akapiga mara kadhaa, ncha ikajikunja. Akatoka, akajifuta jasho, akatoa hukumu.

"Hapa hapapasuki. Mtoto ni mdogo, panatosha."

Nani abishane na fundi? Mtoto akazikwa pale pale, juu juu, wakarundika mawe kuzuia mbwa. Tangu siku ile baba wa mtoto akawa anapita makaburini kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, kurudisha mawe yaliyoporomoka usiku. Hakumlaumu mtu. Aliambiwa ni mwamba. Utagombana na mwamba?

Msimu ukapita. Akafa mama mzazi wa yule mchimbaji.

Sasa yeye ndiye mfiwa. Mfiwa hachimbi, anakaa kwenye kiti cha mbele, anapokea pole. Akakaa. Kaburi lilichimbwa karibu na lile la mtoto, na kutoka pale alipokaa aliweza kusikia. *Dup. Dup. Dup.* Mtu wa kazi ile hahitaji kuona. Akasikiliza vifaa vya kijiji kizima, na vyote vilikuwa vinasema neno moja.

Akainuka, akaenda kutazama. Kila nyumba ilikuwa imeleta ya msibani. Mipini ya misumari, mabeleshi yaliyokatika midomo. Jirani yake, baba wa yule mtoto, alikuwa shimoni amelowa jasho, sururu mkononi imepinda kama pembe ya ng'ombe.

"Tumefika kwenye mwamba, Baba Sekela," akasema mzee mmoja. "Na wewe mwenyewe ulituambia hapa hapapasuki."

"Mama yangu hawezi kulala juu juu."

"Sasa tufanyeje? Jeneza liko njiani."

Baba Sekela akaondoka, mfiwa, katikati ya msiba wake, watu wakinong'ona kwamba uchungu umemzidi. Akarudi na kitu kwenye gunia. Alipolifungua, akatoa ile sururu ya mhunzi. Akataka kushuka shimoni, yule jirani akanyoosha mkono kutoka chini.

"Lete, ndugu yangu. Mfiwa hachimbi."

Angefanya nini? Desturi ni desturi. Akampa.

Jirani akapiga. *Ngii.* Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, na mwamba ukaachia kipande kikubwa kama kichwa cha mbuzi. Jirani akainama, akakiokota, akakigeuza geuza mkononi. Kisha akainua macho akatazama lile rundo la mawe pale pembeni, ambalo asubuhi ile ile alikuwa amelipanga upya.

"Kumbe panapasuka," akasema.

Basi. Hakutukana, wala hakuitupa sururu. Akaendelea kuchimba, akachimba kimo kamili, akakataa kupokewa, mpaka mama wa mwenzake akapata kaburi la heshima. Alipotoka shimoni aliifuta ile sururu kwa shati lake mwenyewe, mpini kwanza, kisha chuma, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

"Hii hapa, Baba Sekela. Imerudi."

Hapana. Msiseme amina. Hilo amina lenu linatoka haraka mno siku hizi, linatoka kabla halijapita moyoni.

Mwataka kujua kama kifaa kizuri kinastahili gharama? Kinastahili, kikitoka chini ya kitanda. Kikilala pale kinakuwa ushahidi dhidi yako, maana siku utakapokitoa kwa ajili ya wako, watu watajua ulikuwa nacho siku zote. Mwalimu, darasani unasinzia, kwenye twisheni yako ya jioni unafundisha hadi chaki inaisha. Nasi tunakuja kumwomba Mungu tukiwa tayari kitandani, taa imezimwa, sentensi mbili, ya tatu ni kukoroma. Tena tunamwambia tulijitahidi. Tunasimama kwenye misiba ya wenzetu na vitu vibovu mikononi na kusema kwa sauti ya kitaalamu: *hapa hapapasuki.* Tumejuaje? Tumepiga na nini?

Kuna mtu katika kanisa hili anapanga mawe kila asubuhi kwa sababu mmoja wetu alimwambia imeshindikana. Sitamtaja. Anajijua, na sisi tunajijua.

Jumamosi tunachimba msingi wa jiko. Za mhunzi zitanunuliwa, lakini hazitatosha kwa watu wote, kwa hiyo kila mmoja aje na chake. Sitasimama getini kukagua, mimi si askari. Nitakaa kwenye kiti changu pale barazani, nitafumba macho, nitasikiliza.