Moshi wa Bibi Nakiete

Mkataza kuni huanza na jiko lake. Mmeisikia leo mkutanoni, mkamwona mwenyekiti akiinamisha kichwa, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Mbaleni kilisifika milimani kote kwa vyungu vyake, na mkuu wa wafinyanzi alikuwa Bibi Nakiete. Mikono yake, jamani, iliujua udongo. Lakini vyungu huchomwa kwa kuni, na kuni zilitoka msitu wa juu, penye chemchemi. Msitu ukakonda, chemchemi nayo ikakonda. Amri ya kuacha kukata miti ilipigiwa mbiu, ikapuuzwa. Wafinyanzi walisema wapika pombe ndio wanaomaliza kuni. Wapika pombe wakasema ni wafinyanzi. Kila mtu aliona moshi wa mwenzake.

Wazee wakampa Nakiete kazi ya kuitangaza upya, maana hakuna aliyethubutu kumbishia. Akakubali. Asubuhi ya baraza alikuwa ameshawasha lundo lake la kuchomea vyungu, na ndani yake kilikuwamo chungu cha arusi cha mjukuu wake Namsifu. Kwa desturi yao, biharusi aliingia kwa mumewe na chungu alichochomewa na bibi yake. Asiye nacho alisemwa kuwa hana kwao. Nakiete alikuwa amekitia nakshi shingoni kwa mkono wake, na alijiambia kwamba hilo ndilo lundo la mwisho.

Alipomaliza kusema barazani, Mcharo mpika pombe, aliyekuwa amepitia hapo na mtungi wa maji kutoka chemchemini, aliuliza kwa adabu, "Samahani, bibi. Na ule moshi ni wa nani?"

Watu wakageuka kutazama. Nakiete akaona haya. Angeweza kusema ni moshi wa arusi, nao wangemwelewa. Hilo ndilo lililomtisha, kwa kuwa kila nyumba ina arusi yake.

"Lete hayo maji, mwanangu," alisema.

"Haya ya pombe, bibi?"

"Hayo hayo."

Akateremka hadi kwenye lundo, akayamwaga motoni. Vyungu vikaanza kupasuka, kimoja baada ya kingine, na Namsifu akashika kichwa. "Bibi, chungu changu."

"Chungu nitafinyanga kingine, mjukuu wangu. Chemchemi siwezi kuifinyanga."

Msidhani haikumuuma. Mcharo naye hakupika pombe siku ile. Maji hakuwa nayo, na uso wa kuwasha moto hakuwa nao.

Namsifu aliingia kwa mumewe na kibuyu badala ya chungu, na mawifi wakacheka. Wafinyanzi wakajaribu kuchoma kwa magunzi ya mahindi, vyungu vikatoka laini vikivuja. Walinung'unika sana, wengine walimlaani Nakiete waziwazi, lakini hakuna aliyepanda msituni kukata kuni, kwa sababu yeye hakupanda. Ilichukua misimu mingi ya kubahatisha hadi walipochanganya magunzi na samadi kavu, moto ukakolea.

Chungu cha Namsifu kilitoka na madoa meusi, wakati mwanawe wa kwanza ameshaanza kutembea. Nakiete hakumpa mkononi. Alikipeleka kwanza chemchemini, akakitumbukiza chote kikazama, jambo ambalo pale, kwa uchache wa maji, lilikuwa halijawezekana tangu Namsifu akiwa mtoto, kisha akamtwika kikiwa kimejaa.

Tangu hapo, kila anayesimama barazani kutoa amri, watu hutazama kwanza nyumbani kwake. Mkataza kuni huanza na jiko lake.