Sahani Zilizofutwa Majina

Ndugu zangu, kabla sijafika mbali, nani hapa amewahi kuwa na sahani za santuri nyumbani? Inueni mikono, msione haya. Nawaona wazee wa kanisa wanatazamana. Kumbe mlikuwa watu wa dansi! Basi mfano wa leo ni wenu, vijana mtuvumilie.

Kulikuwa na bwana mmoja pale Morogoro mjini, kazi yake kukusanya na kuuza sahani za zamani, zile ndogo zenye wimbo mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Za soul, za pop, za rock, zilizoingia nchini enzi za suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Wateja wake walikuwa watu wa ng'ambo, waliomwandikia kuagiza, na wote walikuwa na swali moja tu: ni safi? Hawakutaka mikwaruzo, na zaidi ya hapo hawakutaka maandishi kwenye ile karatasi ya duara iliyo katikati.

Sasa ninyi wazee mnajua. Nani hakuandika jina pale katikati? Ukipeleka sahani yako kwenye dansi bila jina, inalala kwa mwingine. "Mali ya fulani." "Kwa mchumba wangu, Krismasi." Kila sahani ilikuwa na mwenyewe. Na kazi ya bwana huyu, kila asubuhi, ilikuwa kuwafuta hao wenyewe. Pamba, spiriti, mkono mwepesi. Alikuwa fundi kwelikweli. Alijizoeza asisome, maana ukisoma mkono unasita na karatasi inachubuka. Aliona wino, maneno hakuyaona.

Aliishi peke yake. Nyumba ilijaa nyimbo kutoka sakafuni hadi darini, na ilikuwa kimya kabisa, kwa sababu hakupiga hata moja. Sindano inakula sahani, alisema. Alipika wali wa mtu mmoja, akala amesimama. Namwonea huruma bwana huyu, na mimi ndiye niliyemtunga.

Alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja. Baba yao alipougua, mdogo alichelewa kupeleka habari, kaka akafika kaburi limeshafunikwa. Hakusamehe. Barua tatu za mdogo wake alizichana bila kuzifungua. Ya nne haikuja, na hapo ndipo alipoanza kuisubiri. Akaisubiri miaka kumi na tisa. Mnaijua hali hiyo? Unamfungia mtu mlango, halafu unakaa nyuma ya mlango ukisikiliza kama atabisha hodi tena. Alitamani neno moja tu kutoka kwa mdogo wake. Moja tu, na angemsamehe.

Asubuhi moja akaingia dukani mama asiyemfahamu, amebeba boksi. Ndani mlikuwa na sahani arobaini. Bwana akauliza anauzaje. Mama akasema hauzi, ametumwa kumletea. Bwana akauliza kama zina mikwaruzo. Hakuuliza zimetoka kwa nani. Mama alipofika mlangoni aligeuka.

"Zisome zote, baba. Nitarudi kuchukua jibu."

Bwana akacheka moyoni. Tangu lini sahani ikasomwa? Sahani inasikilizwa. Akajisemea kwamba mama wa watu hajui mambo haya, na jibu analolitaka ni kama aletewe nyingine au la.

Kesho yake akaketi na pamba yake, akaudhika. Wengine huandika jina, basi. Huyu alikuwa ameandika mstari mzima kwenye kila sahani, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa peni ya buluu, mwandiko wa kutetemeka. Kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu. Lakini alipomaliza, zote zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani jana, naye akafurahi, ile furaha yake isiyo na wa kumwonyesha.

Baada ya wiki mbili mama akarudi, safari hii amevaa nguo nyeusi.

"Umesoma, shemeji?"

Shemeji. Neno hilo hakuwahi kuitwa na mtu. Hakuoa, wala hakuwa na dada. Akauliza, shemeji kwa nani? Mama akamweleza polepole. Aliolewa na mdogo wake baada ya ule ugomvi, ndiyo maana hawakujuana. Mumewe alipata kansa ya koo, sauti ikakatika. Mkono nao ukaishiwa nguvu, akabaki na uwezo wa kuandika mstari mmoja kwa siku. Alisema barua yake kaka ataichana, lakini sahani hawezi kuichana. Ndipo mkewe akazunguka kwa majirani kuomba sahani zao za zamani, na mgonjwa akaandika mstari kila siku kwa siku arobaini. Akamkataza mkewe asijitambulishe, asije akafukuzwa.

"Tumemzika Alhamisi," mama alisema. "Tangu nilete boksi, kila nilipoingia chumbani kwake aliniuliza kwa macho kama umejibu."

Bwana akaliangalia boksi. Akauliza mdogo wake alikuwa ameandika nini.

"Sijui, shemeji. Sikusoma. Maneno yalikuwa yako."

Akachukua sahani moja, akaipeleka dirishani, akaiinamisha huku na huku kwenye mwanga, akitafuta walau alama ya peni. Hakuona kitu. Si nimewaambia alikuwa fundi?

Sasa wapendwa, tusikae tukamsikitikia mtu wa hadithi, sisi wenyewe tupo. Sisi tunapenda kupokea kitu na kumfuta aliyekileta. Mama anatuma maboga kutoka kijijini. Tunapika, tunakula, tunasifu maboga. Nani aliuliza kwa nini mwaka huu hakuja nayo mwenyewe? Rafiki anapiga simu kuomba namba ya fundi bomba, namba ambayo anayo tangu mwaka juzi. Tunampa namba, tunakata simu, tunaona tumemsaidia. Mume anarudi nyumbani anasema chai leo ni nzuri, yeye ambaye hajasema neno tangu Jumatatu. Tunajibu kwamba ni chai ileile ya siku zote. Halafu tunapiga magoti kumlalamikia Mungu kwamba tuko wapweke, hakuna anayetukumbuka. Jamani, neno tunaloliomba lilishafika. Tumelifuta kwa mikono yetu, na tulipolifuta tuliona tunafanya kazi nzuri.

Nilipanga tuimbe hapa. Hatutaimba. Mwenye ndugu anayesubiri jibu lake, atoke nje sasa hivi akapige simu, na sisi tutakaa kimya tumngoje, hata ikifika saa saba. Kwaya, kaeni. Na msishangae mkiniona nashuka mimbarini kabla yenu. Mimi nina dada yuko Singida.