Kongoni Alivyokwenda Kuwaita Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyika, mvua ikaisusa.

Hapo kale, kale sana, mito yote ilikauka. Wanyama wakakutana, wakasema, "Wanaojua kuchimba maji mchangani ni tembo tu, nao wako ng'ambo ya milima. Nani atakwenda kuwaita?"

"Mimi!" Duma akadakia. "Nani ana mbio kama zangu?"

Kongoni naye akasimama. Ndama wake alikuwa amelala kivulini, ulimi mkavu, hawezi hata kulia. "Nami nitakwenda."

Duma akacheka. "Wewe, mama? Ukifika, mvua itakuwa imeshanyesha!"

Duma akachomoka, vumbi likatimka. Kongoni akafuata polepole, ti, ti, ti.

Jua lilipopanda, akamkuta Duma chini ya mgunga, anahema, hawezi kuinuka. "Mama Kongoni, pumzi imeniishia." Kongoni akampa pole, akaendelea, ti, ti, ti.

Akayaona matikiti ya porini. Moyo ukamwambia, "Usisimame, mtoto anakufa!" Akaujibu, "Nikianguka mimi, nani atafika?" Akasimama, akala, koo likaburudika. Akaenda, ti, ti, ti.

Miguu ikawa mizito kama magogo. Moyo ukamlilia, "Usilale!" Akaujibu, "Nikianguka mimi, nani atafika?" Akajilaza kidogo, machozi yakimtoka. Akaamka, akaenda, ti, ti, ti.

Karibu na milima, Fisi akamtokea. Fisi alitaka kiu iwaue wote, apate mizoga. "Pole, dada. Ndama wako ameshakufa. Rudi ukamlilie."

Kongoni akageuka, akatazama alikotoka. Safari hii moyo haukusema kitu. Kisha akasema, "Kama wangu amekufa, wa wenzangu wangali hai." Akampita Fisi, akavuka milima.

Tembo wakaja naye, wakachimba, maji yakabubujika. Fisi akabaki na njaa yake. Kongoni akaenda kivulini, anaogopa hata kutazama.

Kichwa kidogo kikainuka. "Mama, nina kiu."

Basi, wanangu, mbio ndefu si miguu tu. Jitunze njiani, na ukisikia neno la kukukatisha tamaa, mtazame kwanza anayelisema.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu, tuigawane. Ikiwa chungu, nitaimeza mwenyewe.