Mkono Ambao Haukuvunjika

Mtu mmoja alikuwa na filimbi. Hakuinunua. Wanakijiji wenzake walimvisha shingoni wenyewe, wakamwambia, wewe ndiye utakayewaamua vijana wetu wakishindana mieleka baada ya mavuno. Jina lake Magesa, mkulima wa mihogo kama wao. Walimchagua kwa sababu hakuwa na mtoto wa kuingia uwanjani. Kisha wao wakaketi pembeni, kila ukoo upande wake, kwa kuwa pembeni ndiko watu huona vizuri sana. Msicheke. Sisi nasi tumekaa pembeni mwa mambo mengi.

Mwaka mmoja zawadi ilikuwa mtamba wa ng'ombe, bado hajazaa. Nyumbani kwa Masatu hapakuwa na ng'ombe hata mmoja, na maziwa ya watoto yaliombwa kwa majirani. Lakini Masatu alikuwa na kijana, Manyama, mwenye shingo ngumu na moyo mgumu zaidi, na nyumba nzima ilikuwa imeshaanza kumwita mtamba yule “ng'ombe wetu.” Manyama akawashinda wenzake mpaka akabaki yeye na Mafuru, kijana wa ukoo mwingine.

Sheria ya uwanja ule ilikuwa fupi. Mabega yakigusa mchanga, umeshindwa. Na mwamuzi akisimamisha pambano kwa kuhofia kwamba kijana ataumia, aliyekuwa hatarini ndiye ameshindwa.

Mafuru alimkamata Manyama mkono, akaupeleka nyuma. Hakufanya kosa, maana mshiko ule uliruhusiwa. Manyama akaanguka kifudifudi, kisha akaanza kujipindua taratibu, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Upande wa Masatu ukasimama wote, kwa kuwa waliona mgongo wa Mafuru unakwenda chini. Magesa hakuwa akiutazama mgongo. Alikuwa amepiga magoti, shavu karibu na mchanga, akikitazama kiwiko cha Manyama, na kiwiko kilikuwa kimefika mahali ambapo kiwiko hakipaswi kufika. Akamtazama kijana usoni. Kijana hakulia, wala hakuomba kuachwa. Pumzi moja zaidi angeshinda, au angepata kilema cha maisha. Magesa akapuliza filimbi.

Najua mnachosema moyoni: si angengoja kidogo tu. Kidogo kiasi gani? Nionyesheni hapa, kwa vidole.

Manyama akasimama, akaunyoosha mkono wake, ukanyooka. Akaukunja, ukakunjika. Watu wote wakauona ni mzima, na hapo ndipo hasira ilipowaka. Masatu akaingia uwanjani.

“Magesa, sema mbele za watu. Mkono wa mwanangu ungevunjika, au usingevunjika?”

“Sijui, ndugu yangu,” alisema Magesa. “Ningejua, pasingekuwa na haja ya kuamua.”

Watu wakamcheka. Wakamvua filimbi, wakampa mtu mwingine, mwenye sauti kubwa. Magesa akarudi kwenye mihogo yake, na niwaambie kweli, hakurudi akijiona mwenye haki. Alirudi na mashaka, na mashaka hayo hayajamtoka mpaka leo.

Mtamba akaenda kwa akina Mafuru. Watoto wa Masatu bado wanaomba maziwa kwa majirani, na hilo si jambo dogo, mimi silidharau. Kila asubuhi Masatu huongozana na Manyama shambani. Humwona akiinua jembe juu, akilishusha, akiinua tena, mpaka jua linapokuwa kali. Na kila asubuhi humkumbuka Magesa kwa uchungu, akisema, yule ndiye aliyetunyima ng'ombe wetu.

Mkono ungevunjika, uwanja mzima ungekuwa shahidi, na kila mmoja angeuliza mwamuzi alikuwa wapi. Haukuvunjika, kwa hiyo hauna shahidi hata mmoja. Hata mwenye mkono hajui.

Basi nanyi mliowahi kupuliziwa filimbi mkamchukia aliyeipuliza, kesho mkiamka mkaenda kulima, jembe mtalishika kwa mikono mingapi?